Mfuko wa Kichwani

Maman mzee niliyekuwa nalipwa kumuogesha kule Auderghem, Ubelgiji, alizaliwa kwenye milima ya Papua, kijiji cha ukungu na viazi vitamu. Mume wake Mbelgiji alimleta huku angali msichana, akafa, akamwachia nyumba inayotazama msitu. Asubuhi, maji ya moto yakianza kufuka mvuke, alikuwa anafumba macho na kurudi kwao. Nami nilimfuata. Nguruwe walipita mule bafuni, wanawake walichimba viazi, wanaume walilala kwenye nyumba yao peke yao.

"Na nyinyi wanawake mlikubali?" niliuliza.

"Tulilala vizuri sana," akasema.

Alikuwa anasuka mfuko wa nyuzi, ule ambao kwao mwanamke anautundika kichwani, mzigo unalala mgongoni. Siku moja aligusa alama kwenye paji la uso wangu. Bon, mimi nilibeba mizigo Bukavu tangu utoto, kamba kwenye paji, na alama hiyo naificha na kitambaa mpaka leo. Yeye aliisugua taratibu, akasema mimi ni wa kwao.

Aliniambia kwao familia ya mume inaleta nguruwe, watu wanakula wanashiba, lakini ndoa bado. Mpaka mama amtundike binti yake mfuko kwa mkono wake mwenyewe, ndani mna mashina ya viazi ya kupanda shamba lake la kwanza. Hapo ndipo amemwachilia.

"Wako ulikuwa mzito?"

"Mama alijifungia ndani. Hakumtaka mzungu. Niliondoka kichwa kitupu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimenuna. Binti yangu wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi kwenye komine, ofisi ya serikali ya mtaa, na familia ya kijana haikuja hata siku moja kukaa kwetu na kutuomba mtoto. Wametuona takataka. Niliapa sitaenda. Kila jioni binti alipiga simu, "Maman, utakuja?" nami nikajibu sina nguo. Uongo mtupu. Kabati lilikuwa limejaa.

Ijumaa maman, niliyekuwa nimemlalamikia harusi hiyo, alimaliza mfuko, akauweka mapajani mwangu bila kusema ni wa nani. Nilishuka Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, nikanunua matembele, majani na mashina yake.

Kwenye ngazi za komine binti yangu aliniona na mfuko ule, akacheka na machozi yakamtoka. "Maman, sasa hii ni nini tena?"

"Inama."

Aliinama, na nywele zile za saluni ya siku nzima. Nilimtundika mfuko kichwani mbele ya wakwe waliotukodolea macho. Kuachia kamba ndiyo ilikuwa kazi. Vidole vilikataa, roho iliniuma kabisa, kisha nikaachia, naye akaingia ndani na matembele yake mgongoni.

Jumatatu nilimsimulia maman yote huku nikimsugua mgongo.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Alikaa majini mpaka maji yakapoa. Nilipomaliza kumvika, alinionyesha nyuma ya mlango mfuko wake mkuukuu, aliojisukia mwenyewe huku ugenini, nikamletea. Alikaa vizuri ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa chake cheupe mbele yangu.

"Na mimi," akasema.