Kazi ya Baba Melini

Harufu ya sabuni ya unga na nguo zilizotoka kupigwa pasi ndiyo iliyotupokea bandarini Pemba, ile ya bara si kisiwa, siku baba alipoteremka melini kuja kutuchukua. Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Anifa alikuwa na minne, na baba alimjua kwa sauti ya simu tu. Mimi nilitegemea harufu ya mafuta ya mashine. Kwetu Palma kila mtu alijua kwamba baba ni fundi wa mashine katika meli ya watalii, na shuleni nilitembea kifua mbele kwa ajili hiyo. Baba alimbeba Anifa, akaniwekea mkono kichwani, kisha akamwamkia mama. Mama alimsogelea, akamnusa kama anavyonusa samaki sokoni kabla ya kununua, akalitazama shati lake lililonyooka bila kunjo hata moja. Baadaye sana ndipo nilipojua alichokuwa akikiwaza: shati hili limepigwa pasi na mwanamke.

Wazo hilo alikuwa nalo tangu nyumbani. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini mbele ya pwani yetu, na Palma ikajaa wageni wenye buti na kofia ngumu. Mjomba Sumaili, kaka yake mama, alipata kazi ya kuwaendesha, na siku moja akaja na habari. "Mwambie shemeji arudi. Wanatafuta mafundi wa mashine za meli. Alete sertifikadu yake tu, mengine niachieni mimi." Mama akampigia baba kwa furaha. Baba akasema subiri kidogo. Akapiga tena na tena, na kila alipotaja hicho cheti, simu ilikatika. Majirani wakaanza kumwonea mama huruma, na ile huruma ilimchoma kuliko matusi. Mwanamume anayekataa kazi iliyo karibu na watoto wake, walisema, huyo ana watoto wengine aendako. Baadaye baba akapiga mwenyewe. Msimu ule abiria walikuwa wachache, na wafanyakazi wa siku nyingi waliruhusiwa kuchukua familia zao kwa safari moja, siku kumi na mbili, hadi Komoro na Madagaska na kurudi. Mama akashughulikia pasaporte zetu. "Naenda kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu," alimwambia mjomba, akidhani sisikii. Tulipanda chapa, basi dogo la abiria, alfajiri, tukapita Olumbi, tukapita Awasse, na hadi Pemba mama hakutia kitu mdomoni.

Meli ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuiona. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa, chenye kidirisha cha duara ambacho maji yalikipiga mchana kutwa. Siku mbili za kwanza tulitapika, tukanyonya ndimu. Siku ya tatu nikapanda juu nikaikuta bahari pande zote, nyeusi kama wino, bila nchi kavu popote, na jambo lililonishangaza ni kwamba haikunuka. Hapo nikaelewa kwamba harufu tunayoiita ya bahari ni ya pwani yetu, ya mwani na ya samaki walioanikwa. Wazee wa Kizungu walilala juani wamejipanga kama mihogo inayokaushwa. Anifa alikula jeladu, zile barafu tamu za maziwa, mpaka midomo ikafa ganzi. Mama alikula wali na samaki tu, baada ya kuuliza kila mara vimepikwa na nini. Akitaka kuswali alimuuliza baba kibla kiko wapi, na baba alikwenda kuuliza kwa wenzake, akarudi na jibu ambalo halikufanana na la jana. Lakini mama hakustarehe. Kila mwanamke aliyevaa sare, mama alimfuata kwa macho. "Yule aliyekusalimia ni nani?" alimuuliza baba. Baba alikuja kwetu jioni, mikono yake myekundu na imepasuka ngozi. Mama alipomwomba atuonyeshe mashine zake, alijibu bila kumtazama, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "Hairuhusiwi, mama Zaina."

Siku ya saba Anifa alikojoa kitandani. Mama alikufa kwa aibu. Hakutaka mfanyakazi yeyote aione shuka ile, basi akaifungia ndani ya kapulana yake ya kujifunga, akanishika mkono, Anifa akatufuata, tukaenda kutafuta mahali pa kufulia. Tulikiona kitoroli kilichosheheni mashuka kikisukumwa, tukakifuata, tukashuka ngazi, mpaka mlango ukafunguliwa na joto likatupiga usoni. Ndani, baba alikuwa amevaa fulana iliyolowa jasho, akilisha shuka kwenye mtambo mkubwa wa kupigia pasi. Alipotuona, aliuzima mtambo.

"Kumbe mashine zenyewe ndizo hizi?" mama aliuliza.

"Ndizo hizi. Za kufulia."

"Na ufundi?"

"Hakuna ufundi, mama Zaina. Nafua mashuka, tangu siku ya kwanza. Nilikwambia nimepata kazi ya mashine, ukawatangazia watu wote kuwa ni fundi, nikakosa pa kuanzia. Sasa hicho cheti ningempa shemeji cheti gani?"

"Na mwanamke je?"

"Mwanamke gani?"

Mama alikaa chini, juu ya rundo la taulo, akajifunika uso. Nilidhani analia, nami nikaanza kulia. Alipoondoa mikono nikaona anacheka, machozi yanamtiririka. "Wallahi, miezi yote ile silali," alisema, "kumbe mke mwenzangu ni mashuka!" Akamtupia furushi. "Haya, fua na hii. Ya mwanao."

Hasira zilikuja jioni. Mama alimwambia maneno makali, na moja silisahau: "Ulidhani aibu ya kufua itaniumiza kuliko aibu ya kuachwa?" Baba hakujitetea. Alilia kidogo, akaomba radhi. Kesho yake mama aliomba nyama, akauliza kama ni halali, akaambiwa ipo ya kuku aliyechinjwa na Mwislamu, akala sahani mbili. Alilala kwenye kiti cha juani mchana mzima, mdomo wazi, kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Baba akipata nafasi alikuja kukaa nasi juu, amevaa fulana yake ya kazi, hajali. Tuliporudi Palma, mama alimwahi mjomba kabla hajauliza. "Shemeji yako anafua nguo. Na anafua vizuri." Mkataba wa baba ulipokwisha alirudi nyumbani, akafua nguo kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi, na hakuna aliyemdai cheti.

Kisha vita vya waasi vikafika Palma. Tulikimbia kila mtu na njia yake, na kwa siku nyingi hatukujua kama baba yu hai, hadi alipotukuta Pemba, miguu imemvimba. Siku hizi tunaishi huku sote, katika nyumba ya kupanga. Nikiitazama safari ile kutoka hapa, naona kwamba jambo baya kuliko yote tuliloweza kulifikiria wakati ule lilikuwa baba kuoa mke mwingine. Juzi nilimuuliza mama kama bado anaikumbuka hofu yake ya melini. "Ilikuwa hofu nzuri ile," alisema, akipakua wali. "Hofu ya watu wenye kwao." Kisha akapaza sauti kumwita baba aje kula, na baba akaitika kutoka uani.