Kikao cha Kusimama Barazani

Kila asubuhi, kabla ya kazi, sisi watano wa mradi wa kilimo mjini Kilifi husimama barazani, kila mtu akaeleza alichofanya jana, atakachofanya leo, na kikwazo alicho nacho. Twasimama ili kikao kiwe kifupi. Lakini msimamizi wetu, mama wa Malindi mjini, haanzi mpaka kila mmoja ameulizwa habari za nyumbani, akajibu.

Mimi, niliyetoka chuo juzi na bado niko kwenye majaribio, niliona salamu zile zanivuruga. Maneno yangu nilikuwa nimeyakariri tangu bafuni, na ya mwisho hayakubadilika: sina kikwazo. Niliogopa kwamba mwenye kikwazo ataonekana haiwezi kazi.

Siku hiyo nilikuwa na habari kubwa. Kesho yake ningewaonyesha wakulima wa Junju umwagiliaji wa matone. Lilikuwa onyesho langu la kwanza, na kama wasingekuja, sikudhani ningebakishwa kazini. Siku ya onyesho nilikuwa nimeipanga mwezi uliopita, bila kuuliza tena. Basi salamu zikamfikia mhasibu wetu. Akasema nyumbani si kwema, amefiwa na shemeji, na kesho wanazika Junju.

Tukampa pole. Ikawa zamu yangu. Kumtajia mfiwa onyesho langu, si utovu wa adabu huo? Na nisipomtajia?

"Dada, pole tena. Ni Junju upande gani?"

"Jirani na shamba lako la onyesho. Kesho kijiji kizima kiko kwetu. Labda uwafundishe mbuzi."

Akacheka yeye kwanza, ndipo nasi tukacheka. Msimamizi akaliahirisha onyesho papo hapo, akaniambia niende mazishini na wenzangu. Nikaenda. Nilibeba viti, nikachota maji, na kila aliyeniuliza mimi ni nani alitaka pia kujua hayo matone ni kitu gani.

Wiki iliyofuata shamba lilijaa hata wengine wakasimama katikati ya mihogo. Waliishika mipira ya maji, wakaitoboa wenyewe, wakabishana nami, nami nikasahau kuogopa.

Asubuhi yake nilifika barazani wa kwanza. Nikamwamkia msimamizi shikamoo, nikajibu habari za nyumbani kwa kirefu, hadi za goti la nyanya yangu. Kisha nikasema, sauti imenipanda:

"Nina kikwazo. Mipira haitoshi."

Msimamizi akatabasamu. "Basi kaa nasi, mwanangu, ukitatue."