Jina Nililoliandika kwa Taa Mlimani

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana hapa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, kila mtu ana namna yake ya kulisimulia jambo hili, na katika namna zote mimi ndiye punguani, na kwa kweli sina cha kubisha.

Naitwa Eliya, natengeneza simu karibu na soko. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mbali na maji, tukarudi nikiwa tayari nimeota ndevu (ndiyo maana wananicheka, wanasema naongea kama redio). Ziwa nimelijua ukubwani. Nyota ndizo zangu tangu utoto, shule niliacha mapema lakini nyota hazimuulizi mtu diplome, basi nilipopata simu yenye kamera inayoona gizani nikasema lazima nipande mlima ulio nyuma yetu, juu ya mashamba ya michikichi, nipige ule mkanda mweupe wa nyota ukiwa juu ya ziwa. Na lazima uwe usiku usio na mwezi, na usiku wa namna hiyo ndio wavuvi wa ndagala, hawa dagaa wetu, wanaingia ziwani na taa zao, kwa hiyo juu nyota na chini nyota, sasa nani asingeota?

Jirani yangu Hamisi ni mvuvi. Jioni ile hakutaka kwenda. Mkewe, Mama Neema, alikuwa na siku ya tatu hospitali, mimba inamsumbua, na ile ya kabla yake iliharibika ikabaki kidogo aondoke nayo. Lakini mtumbwi hauendi watu wakipungua, wenzake wakambembeleza, akamwachia dada yake simu (simu na maji hazipatani, wote wanaziacha nchi kavu) akaenda huku anageuka nyuma. Nilimpungia mkono. Nilikuwa na haraka zangu.

Kule juu nikaiegemeza simu kwenye mawe, nikapiga. Nyota zikatoka vizuri, lakini nikaona picha haina mwenyewe. Ndipo likanijia lile wazo, Mungu anisamehe: nisimame mbele ya kamera, niwashe taa yangu ya betri, niandike jina langu hewani. Kamera inameza mwanga taratibu, kila ninapopitisha taa panabaki mstari. Nikaandika ELIYA. Ile Y ikapinda. Nikarudia, ikapinda tena, nikarudia mara sijui ngapi, nazungusha taa kama mwehu.

Hapa niwaambie ukweli. Mama Ashura, yule anayeanika ndagala pale ufukweni, aliwahi kunikaripia: "Weye mutoto wa kambini, taa haizungushwi usiku mbele ya ziwa!" Nikadhani ni mwiko tu, kama ule wa kupiga mluzi usiku. Nikacheka moyoni, sikumuuliza sababu. Kumbe ndiyo njia yao ya kumwita mvuvi tangu zamani: kukiwa na kifo nyumbani, mtu anapanda mahali pa juu anazungusha taa, na walioko majini wanajua kuna msiba, ila hawajui ni wa nani.

Nikaona taa moja kule chini inageuka. Ikafuata ya pili, halafu zote zikaanza kuja nchi kavu, nami nikasema lo, uzuri gani huu, nikawapiga picha wakija.

Nilipoteremka ufukwe ulikuwa umejaa. Wanawake wametoka na vitenge vya kulalia, wanalia kabla ya kujua wanamlilia nani, wavuvi wanaruka majini, nyavu zimevutwa tupu. "Nani alikufa? Nani alikufa?" Nami nikauliza vilevile, na machozi yakanitoka, mimi wa machozi ya karibu. Mara nikamwona Hamisi anatoka majini, uso umemkauka, nikajisemea basi, ni Mama Neema. Nikamkumbatia.

"Pole kaka. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

Akaniangalia. "Weye umetoka hospitali?"

Kabla sijafungua mdomo akasema "Innalillahi," akanisukuma, akakimbia vile vile na maji yake.

Mama Ashura akapaza sauti: "Aliyezungusha taa yuko wapi? Aje aseme ni nani!"

Halafu watu wakaanza kuniangalia mkono. Taa nilikuwa nayo bado, tena inawaka.

"Ni mimi, mama. Lakini nilikuwa naandika jina."

"Jina la marehemu?"

"Langu."

Mtu mmoja akaangua kicheko, kikamkatikia njiani. Mama Ashura hakunitukana hata. Aliniambia tu, "Mukimbilie mwenzako."

Nilikimbia mpaka hospitali. Nikamkuta Hamisi amekaa chini getini, mlinzi amemshika mabega, analia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Muuguzi anamwambia mkeo yuko hai, amelala, naye hasikii. Mwishowe Mama Neema mwenyewe akatoka, anajishika ukutani, yeye aliyekatazwa kusimama, kwa sababu alisikia sauti ya mumewe. "Baba Neema, niko hapa. Niangalie." Mimi nikajificha nyuma ya moto, pikipiki ya mtu, iliyoegeshwa pale, mwanamume mzima.

Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, wa kike, mzima, murakoze Mana, asante Mungu. Nilimwomba Hamisi msamaha mbele ya wavuvi wote, akanipa mkono. Ila siku moja tukiwa wawili alisema, "Sina hasira na weye, Eliya. Lakini mule njiani nilishamuzika. Nilishawaza nani atamulea Neema."

Watu wanaomba niwaonyeshe ile picha. Ninayo. Ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, hata Y imenyooka, lakini kila nikiifungua macho yangu yanakwenda kwenye kona ya chini, kwenye taa moja ndogo iliyokwisha kugeuka kuelekea nyumbani. Taa sitaizungusha tena usiku mbele ya ziwa. Na mtu akinikataza jambo nitamuuliza kwa nini, hata akinicheka mpaka asubuhi.