Chai Yenye Kiungulia

Hapa Wamagana tuna wajuaji wengi, lakini mjuaji wetu mkubwa ni Moffat, jirani yangu wa upande wa chini. Moffat hajawahi kusikiliza jambo hadi mwisho. Hata mahubiri huyamaliza mwenyewe kabla ya mchungaji. Mama yake, marehemu Wamucii, alimdekeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Wamucii alilia sana. Ndiyo maana michai aliyoipanda kwa mikono yake alimwachia mke wa Moffat, si Moffat.

"Magdaline, hii chai ni yako," alimwambia akiwa kitandani. "Huyo wangu usimwachie."

Shida ya Moffat ni kiungulia. Kila akinywa chai kifua kinawaka, naye hulamba magadi, yale yale ya kulainishia mahindi na maharagwe ya githeri, kisha anapiga mbweu na kutangaza kwamba asidi ni adui wa binadamu. Asubuhi moja redio ikasema udongo wa huku una asidi nyingi, kwa hivyo mwenye mahindi atie chokaa. Moffat akaizima palepale. Sentensi iliyofuata, ambayo sisi wengine tuliisikia, ilisema michai isiguswe.

Akaja kwangu mbio. "Kumbe ni shamba iko na kiungulia! Ati miaka yote tunakunywa asidi ya udongo!"

Nilimwambia arudi akasikilize redio. Akaniambia nina wivu.

Magdaline alikuwa Kangari akimuuguza dada yake. Aliporudi alikuta michai yote imesimama kwenye unga mweupe, chokaa imechimbiwa hadi mizizini, na mumewe mweupe hadi kope.

"Baba Theuri, umefanya nini?"

"Nimeponya chai yako, Mama Theuri. Haitaumiza mtu tena."

Mvua zikanyesha, chokaa ikazama. Baada ya muda majani machanga yakaanza kutoka ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Moffat akasema hiyo ndiyo rangi ya afya. Kituo cha kununua chai kilipoyakataa, akasema karani haoni vizuri. Nilikasirika kwa niaba ya Magdaline, kwa sababu michai ile ndiyo iliyomlisha Moffat pamoja na ujuaji wake wote.

Mwishowe Magdaline akamwita Wakonyo, afisa wa kilimo. Alipoyatazama majani akasema yamekosa chuma. Moffat hakungoja zaidi.

"Hiyo ni rahisi! Nitazika misumari!"

Wakonyo hakubishana naye. Aliomba panga yenye kutu, akaisugua upande mmoja kwa limau na upande wa pili kwa maji ya magadi. Penye limau palichuruzika maji ya kahawia na panga ikang'aa. Upande wa magadi kutu ilikaa vilevile.

"Chuma iko kwa shamba, tena mingi," alisema. "Lakini mti haitafuni, inakunywa. Udongo ikiwa na uchachu, chumvi za chuma zinayeyuka kwa maji. Wewe umemaliza uchachu, chuma imegeuka kama hii kutu. Mizizi inakunywa maji tupu."

"Basi tutoe chokaa."

"Utaichota na kijiko? Kurudisha uchachu ni kazi ya miaka. Nyingi ya hii michai haitangoja."

Kwa mara ya kwanza Moffat alisikiliza hadi mwisho.

Kesho yake nilikwenda kwao kuazima jembe. Moffat alikuwa ameketi mlangoni akiitisha chai. Magdaline akamletea kikombe kilichojaa, kinatoa mvuke. Akaonja, akatema.

"Hii ni maji moto na magadi! Chai iko wapi?"

"Imepona, Baba Theuri."

Nilicheka sana, hadi nilipoona Magdaline amejitwika mgongoni kikapu cha Wamucii cha kuchumia chai, kama alivyozoea kila asubuhi, na hakuwa na mahali pa kwenda nacho.