Kiazi Hakivai Miwani

Nakumbuka siku moja ya baridi kali, mwanangu, wewe ukiwa bado mgongoni kwangu, sebule yetu hapa Kihesa, Iringa, ilijaa watu waliokuja kuuamulia uso usio wao.

Uso ulikuwa wa Shangazi Atupele, dada wa baba yangu, mfumaji wa masweta ya shule kule Mbeya, mwenye ualbino kama wewe. Kidonda kidogo kilimkaa ubavuni mwa pua, karibu na jicho, pale pale miwani inapoegemea. Alidhani miwani inamchubua. Akabadilisha miwani, kidonda kikabaki. Kipande cha ngozi ile kilipopimwa maabara, jibu likaja kwamba ni kansa ya ngozi. Madaktari walimwambia imewahiwa, haijaenda mbali, na anaweza kukatwa au kupigwa mionzi. Akachagua mionzi. Mashine aliyopangiwa ilikuwa Dar es Salaam, basi akashuka Iringa kutuaga, na Baba Mkubwa, kaka yake, akaitisha ukoo.

Naandika haya nina hasira, na sitaificha. Baba Mkubwa ni mkulima wa viazi, mtu mwema ukimkuta shambani. Lakini siku ile alisema kwanza, akasema sana, na hakumuuliza Shangazi swali hata moja. Kwake mionzi ilikuwa ya watu wanaoogopa kisu.

"Kiazi kikiingia doa, unakata doa, kinachobaki unakula," akasema. "We Atu, unababaika nini?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasimama nimgombeze, nikaanza kueleza kwamba Shangazi anataka hivi, Shangazi anaogopa vile. Shangazi akanivuta kitenge.

"Kaa chini, mama. Mdomo wangu haujaugua."

Nikakaa. Kemeo lile ninalo mpaka leo, maana hata anayekutetea anaweza kukunyang'anya neno lako. Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena bila haraka.

"Kaka," akasema, "kiazi hakivai miwani."

Walicheka, naye akangoja wamalize. Kisha akatueleza alichomuuliza daktari. Hakuuliza njia ipi ni nzuri, kwa sababu nzuri kwa nani? Aliuliza miwani yake itakaa wapi. Akaambiwa kwamba pale alipo, kukata kungeponya pia, ila huenda ngozi ya paji la uso ingehitajika kuziba nafasi, na miwani ingekaa pembeni kwa muda mrefu. Mionzi nayo ina bei yake: aende kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, asiruke, ngozi itachubuka, alama itabaki, na kansa ikirudi pale pale si rahisi kupigwa tena. Daktari alimwambia wazi kwamba angekuwa binti mdogo angemshauri vingine. Yeye ana umri wake, na bila miwani haoni uzi.

Kuna jirani akamtaja mtu wa sokoni anayetibu kansa kwa majani, naye bila kisu. Shangazi akamtazama. "Huyo hana kisu, hana mashine. Ana mdomo."

Akaenda Dar. Katikati ya matibabu picha yake ikaingia kwenye kundi la ukoo la simu, pua nyekundu, imechubuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Baba Mkubwa akaandika kwamba wanamuunguza, arudi nyumbani. Nikampigia Shangazi hapo hapo. Yeye alikuwa anakula.

"Si nilishaambiwa itachubuka?" akasema. "Ningeogopa kama wangenificha."

Akamaliza yote. Leo pale pamebaki baka laini, jeupe kidogo kuliko uso wake, na miwani imekaa mahali pake. Kliniki anakwenda bado, kuangaliwa. Sweta lako la shule amelifuma yeye, na kofia yako ya ukingo mpana ameishona yeye. Baba Mkubwa siku hizi anawasimulia watu, "Tuliamua mionzi." Tuliamua! Haya.

Sasa sikia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini watu watakupangia hadi mto. Ukiona kidonda kisichopona, usikibunie jina mwenyewe, kipeleke kwa daktari, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Usikimbilie mionzi au dawa ya kupaka kwa kuwa tu si kisu. Huenda kwako wewe kisu ndicho kitakachofaa, na ukikichagua nitakushika mkono. Uliza mpaka uelewe utapata nini na utapoteza nini. Ukishachagua, maliza, hata siku ambayo kioo kitakutisha. Na kofia usivue. Mwalimu akikuambia uivue mstarini, mwambie mama yako anakuja, na kweli nitakuja.

Mungu akulinde na jua la mchana na midomo ya watu. Akupe daktari asiyeficha na ndugu wanaojua kunyamaza. Na siku utakapokalishwa katikati ya watu wanaojua uso wako kuliko wewe, akupe utulivu wa kufuta miwani kwanza, ndipo useme.