Karatasi za Kupandia Meli

Binti yangu ni muuguzi ng'ambo, na huko watu hupumzika kwa kupanda meli. Alinipigia simu nikiwa nachuma majani chai, akasema ameshalipa: mimi na wajukuu wawili tumkute Mombasa, tuingie kwenye meli kubwa yenye vitanda, tuzunguke visiwa vya nchi jirani. "Mama, wewe tafuta karatasi za watoto tu," akasema. Tu! Watu wa ng'ambo wanalipenda sana neno hilo.

Watoto wenyewe ni wa kaka yake, mwanangu wa kiume wa pekee, aliyeugua akafia nyumbani, tukamzika kando ya nyumba yangu hapa Manga. Mama yao aliolewa tena Nyamache. Nilimwendea nimejifunga kibwebwe kwa ugomvi, lakini alitia sahihi barua ya idhini bila maneno, akauliza tu kama yule mdogo bado anakojoa kitandani. Nikamwambia aliacha.

Shida ilianzia mjini Kisii. Afisa wa pasipoti alitaka cheti cha kifo cha baba yao, na hatukuwa nacho. Huku kwetu nani hujisumbua? Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu anaandika kibali cha kuzika, hema linasimamishwa, watu wanakula, kaburi linafunikwa, basi. Cheti ni cha wenye shamba la kugombania. Lakini nisijifiche nyuma ya desturi. Kuzika nilizika kwa sababu maiti haingoji mtu. Kwenda kwa miguu yangu mwenyewe kuiambia serikali kwamba mwanangu hayupo, hilo nilikuwa nimelikataa kabisa.

Nikampigia binti yangu, nikamwambia aende zake na meli yake. Akasema, "Mama, hao watoto hawajawahi kufika popote." Iliniudhi kwa sababu ni kweli. Mkubwa, msichana wa gredi ya nne, alikuwa ameshatangaza safari darasani, na kila jioni alikuwa akisugua viatu vyake vya kwendea baharini.

Basi tukaenda ofisi ya usajili wa vifo, mimi na yeye. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye heshima zake. Aliuliza taratibu, akaandika, kisha akanionyesha mahali pa kutia sahihi, pale pa mtu aliyeleta habari za kifo. Nikatia. Nilihisi kama nimemsengenya mwanangu kwa watu baki.

"Sasa, mama, nipe kitambulisho chake," akasema. "Cha marehemu lazima kirudi kwetu."

"Kilipotea."

"Basi itabidi upite polisi uandikishe kwamba kilipotea, ndipo urudi."

"Nitapita."

Mjukuu wangu akanivuta mkono. "Nyanya, si kiko hapo kwa leso yako?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alidhani nimesahau, akawa ananisaidia.

Kilikuwepo kweli, nimekifunga kwenye pembe ya leso. Tangu mazishi nilikuwa nakwenda nacho shambani na kanisani, na nilikuwa nalala nacho. Picha yenyewe ni mbaya, mwanangu ametoa macho kama mtu aliyeitwa ghafla. Siku aliyopigwa alikuwa ametoka shule juzijuzi, hana mke, hana ugonjwa. Karani hakunigombeza kwa uongo wangu. Alingoja tu huku nikihangaika na lile fundo hadi likafunguka.

"Nione kwanza," mtoto akasema. Akaitazama picha kwa makini, akasema baba alikuwa na masikio makubwa. Kisha akampa karani kitambulisho kwa mikono miwili, vile nilivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu.

Karani akakata pembe ya kitambulisho kwa makasi, akakitia kwenye droo pamoja na vingine. "Pole, mama," akasema, na nadhani alimaanisha. Tukaambiwa cheti kitakuwa tayari wiki hiyo hiyo.

Tulipotoka nje mjukuu wangu alinishika mkono, akaniuliza kama tukiwa melini tutawaona samaki. Nikamjibu kwamba tutawaona. Kutoka mlangoni hadi barabarani nilimchukia mtoto yule, na sikuuachilia mkono wake.