Siku Niliyobebwa Miguu Mbele

Nilijiunga na kikundi cha usalama cha mtaa wetu, Hai Cinema, kwa sababu ya reflekta, ile fulana inayong'aa gizani. Ningependa kusema ilikuwa ni upendo kwa majirani, na baadaye ulikuja, lakini mwanzo wake ulikuwa reflekta. Ilikuwa mpya, rangi ya machungwa, na mimi nilikuwa na miezi michache tu Juba baada ya kukulia Kenya. Nilitafuta chochote cha kunifanya nionekane mwenyeji.

Kiongozi wetu alikuwa fundi cherehani kutoka Uganda, mama mfupi aliyevaa filimbi shingoni hata akiwa anapinda suruali za watu. Mvua zikianza, njia yetu hugeuka mto. Raksha, yaani bajaji, hazipiti, na gari la wagonjwa likija huishia kwenye lami. Kwa hiyo fundi aliamua kwamba kila mtu mtaani ajue kumbeba mgonjwa mpaka barabarani. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kule Thongpiny, akarudi na cheti alichokitundika juu ya cherehani, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Machela aliishona mwenyewe kwa magunia ya unga na miti miwili.

Jumamosi ya zoezi ilipofika, kila mtu alitaka kubeba na hakuna aliyetaka kubebwa. Fundi akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akasema kwa upole kwamba mtaa ukiweza kunibeba mimi, utaweza kumbeba yeyote. Nilikubali kabla sijaelewa ile ilikuwa sifa ya namna gani. Reflekta ikavuliwa, akapewa mtu mwingine.

"Wewe iko umezimia," akaniambia. "Mtu ya kuzimia hapana ongea, hapana cheka. Ukicheka, tunarudia kutoka mwanzo."

Wabebaji walikuwa wanne: waendesha bodaboda wawili, muuza chapati, na mwalimu wa kwaya. Tulikuwa hatujaondoka, mwalimu akagoma. Fundi alikuwa ameagiza miguu yangu itangulie, na mwalimu alisema kwao anayetanguliza miguu ni maiti. Fundi akamweleza kwa subira kwamba ndivyo alivyofundishwa: kichwa kikae nyuma ili mbebaji wa nyuma auone uso wa mgonjwa, ajue kama anapumua. Mwalimu akakubali shingo upande. Tukaanza safari. Tulipotoka kwenye kivuli, jua likanipiga machoni, na fundi, kwa huruma yake, akanifunika uso kwa kipande cha kitenge. Katika watu wote waliokuwepo, hakuna aliyeona tatizo. Hata mimi sikuliona.

Niliyoyajua baada ya hapo niliyajua kwa masikio. Redio ya kibanda cha chai ikapunguzwa sauti. Bodaboda zikazimwa, moja baada ya nyingine. Mtu akauliza kwa sauti ya chini ni nani huyo, na muuza chapati, aliyekuwa ameamriwa asifanye mzaha, akajibu kwamba ni yule dada wa kutoka Kenya. Hakusema uongo hata neno moja. Mwanamke ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu akasema nilikuwa mpole sana, na kwamba watu wapole hawadumu. Nakiri nilifurahi. Nikatulia zaidi, nikisubiri kusikia kama kuna mwingine mwenye la kuongeza.

Habari ilitutangulia nyumbani. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alikuwa akikata bamia uani. Nilimsikia kabla hajatufikia. Aliniita kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu nimalize shule ya msingi, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

Nikaketi. Kitenge kikaanguka, na mwalimu wa kwaya akauachia mti wake, nami nikafikia ardhini kwa makalio.

Shangazi alisimama mbele yangu bila viatu. Hakupiga kelele. Alinishika mashavu kwa mikono yenye utelezi wa bamia, akanishika mabega, halafu akaketi chini vumbini kando yangu. Nilitaka kumwomba msamaha lakini nilijikuta nalia.

Fundi alikuja akapiga magoti. "Malesh, mama," akaomba radhi. "Malesh sana. Hii kosa iko yangu."

Shangazi alikiokota kile kitenge. Kisha akauliza nani alinifunika uso. Fundi akasema ni yeye, kwa sababu ya jua.

"Mtu anayepumua hafunikwi uso," shangazi akamwambia. "Hata jua likiwaka namna gani."

Halafu akasimulia jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Walipokuwa wakikimbilia Kenya, yeye na wenzake watatu walimbeba mama yake juu ya kitanda cha kamba, siku nyingi. Bibi alikataa kufunikwa. Alitaka kuwaona, ili ajue nani amechoka aamuru wapumzike.

 Kisha aliinuka, akajipangusa, akaanza kuikagua machela. Mishono ilikuwa mizuri, akasema, ila wabebaji walitembea kama askari wa gwaride. Mkipiga hatua pamoja, mgonjwa anarushwa kama unga kwenye ungo. Akawapanga upya, akanionyesha machela kwa kidole, nami nikalala tena. Tulirudia mara nne.

Siku hizi yeye ni msaidizi wa fundi, na wanafunzi humwogopa kuliko filimbi. Mvua zilizofuata tulimbeba mzee jirani yetu mwenye homa kali, maji yakitufika magotini. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa kushoto. Alilalamika njia nzima: tunaenda polepole, tunamwelekeza vibaya, tunahema kama ng'ombe. Shangazi akatunong'oneza tushukuru, maana anayelalamika ana pumzi. Mzee alirudi baada ya wiki mbili akiwa mzima, akapita kwa fundi kuuliza kiatu chake kimoja tulikipeleka wapi.